Ernst May, mkimbizi aliyechora Kololo na Naguru

Wanazi waliposhika madaraka Ujerumani mwaka 1933, msanifu majengo Ernst May alikuwa Umoja wa Kisovieti akibuni miji mipya. Akiwa na asili ya Kiyahudi, hakuweza kurejea Frankfurt, alikozaliwa mwaka 1886 na alikosimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 12,000 kati ya 1925 na 1930. Alikimbilia Tanganyika, akalima shamba karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kama raia wa nchi adui.

Ni Waingereza haohao waliomwita mwaka 1945 kupanga upanuzi wa Kampala. Kololo aliwatengea Wazungu na Waasia, Naguru Waafrika. Hapo ndipo sifa yake inapotiwa doa: aliyekosa kwao kwa sababu ya asili yake alikubali kugawa vilima kwa rangi za watu. Hata hivyo, aliwaona Waafrika kuwa wakazi wa kudumu wa mji, si vibarua wa kupita, fikra ambayo wakoloni wengi hawakuwa nayo.

Alirejea Ujerumani katika miaka ya 1950, akafariki Hamburg mwaka 1970.