Marconi na gharama ya kuanza

Kila ninapokutana na walimu wa sayansi, aghalabu husikia kilio kile kile. Wanafunzi wanatamani kuunda chama cha redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaowasiliana hewani kwa mapenzi yao wala si kwa malipo, lakini shule haina fedha. Katika mazungumzo hayo jina la Guglielmo Marconi halikosi kutajwa. Wapo wanaomsifu kama kijana aliyeanza na mikono mitupu, na wapo wanaomwona kama mwana wa tajiri ambaye mtoto wa mkulima hawezi kumuiga. Nathubutu kusema kwamba pande zote mbili zimekosea, na maisha yake yastahili kusimuliwa upya ili tuone ni kitu gani hasa kilichogharimu.

Marconi alizaliwa mjini Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa na mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland katika ukoo mashuhuri wa watengenezaji wa wiski. Kijana hakuwa maskini hata chembe. Hata hivyo masomoni hakung'aa, na hakupata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Bologna. Angalikuwa hapa kwetu, angalihesabiwa miongoni mwa wale ambao mtihani umewatupa nje.

Mlango uliomfungukia ulikuwa wa jirani. Augusto Righi, profesa wa fizikia katika chuo hicho hicho, alimruhusu kuhudhuria mihadhara na kutumia maktaba, ingawa hakuwa mwanafunzi aliyesajiliwa. Ruhusa hiyo haikumgharimu profesa hata senti moja. Marconi akapata kuielewa kazi ya Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kuwa mawimbi ya umeme husafiri angani bila waya, kisha akafariki mwaka 1894 akiwa na umri wa miaka 36 tu. Waliomjua Hertz waliona katika mawimbi hayo jambo la kupendeza la maabara. Marconi, aliyekuwa na miaka 20, aliona simu ya upepo.

Alijifungia chini ya paa la nyumba yao ya shambani, Villa Griffone, kijijini Pontecchio. Hebu tuvihesabu vifaa vyake: betri, koili ya kutoa cheche, kitufe cha telegrafu, kengele, waya, na kijibomba cha kioo chenye chenga za nikeli na fedha. Kijibomba hicho hakukibuni yeye; Mfaransa Édouard Branly alikuwa amekwisha kukichunguza, na Mwingereza Oliver Lodge akakiendeleza. Kazi ya Marconi ilikuwa kujaribu na kujaribu tena, akibadilisha chenga, akikaza kioo, akipima. Baba hakupendezwa na mchezo huo na alitoa fedha shingo upande; mama ndiye aliyemlinda asisumbuliwe.

Mwaka 1895 akatoka uani. Aliinua waya mmoja juu ya mlingoti, na mwingine akauunganisha na bamba la chuma lililofukiwa ardhini. Ghafla ishara zilifika mbali kuliko alivyowahi kuona. Kaka yake Alfonso alikwenda na kipokezi nyuma ya kilima, umbali wa kilomita mbili hivi, akiwa na bunduki. Ishara ilipofika, alifyatua risasi ili nyumbani wajue. Kwa hiyo jambo lililoifanya redio ifae kitu lilihitaji mlingoti, waya na bamba la kufukia. Kilichokuwa ghali ni miezi mingi ya kijana asiyelazimishwa kutafuta riziki, nyumba yenye chumba cha ziada, na watu wazima waliomwachia nafasi. Hapo ndipo utajiri wa nyumbani kwao ulipomfaa.

Fedha nyingi zilianza kutoka baadaye. Mwaka 1896 alikwenda London, na tarehe 2 Juni akaomba hataza ya uvumbuzi wake. Binamu yake, Henry Jameson Davis, alimkutanisha na wenye mitaji. William Preece wa idara ya posta alimpa nafasi ya kuonyesha kazi yake. Mwaka uliofuata kampuni ikaundwa kwa mtaji wa pauni 100,000. Tangu hapo majaribio hayakuwa tena ya chini ya paa. Milingoti mirefu ya Poldhu, Cornwall, iliangushwa na dhoruba mwezi Septemba 1901, ikabidi kujengwa mingine. Lakini tarehe 12 Desemba mwaka huo, ng'ambo ya Atlantiki huko Newfoundland, antena ya kupokelea ilikuwa waya uliorushwa juu kwa kishada, kama wanavyocheza watoto! Marconi alisema amesikia nukta tatu za herufi S. Wapo wataalamu wanaotilia shaka jambo hilo mpaka leo.

Sifa zilifuata haraka: tuzo ya Nobel mwaka 1909, aliyogawana na Karl Ferdinand Braun, na heshima kubwa zaidi mwaka 1912, wakati wafanyakazi wa kampuni yake walipoita msaada kutoka meli ya Titanic. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Mussolini, na doa hilo halifutiki kwa tuzo yoyote.

Mimi hushangazwa zaidi na lililompata akiwa mkubwa. Kampuni yake ilikuwa imezama katika mawimbi marefu, yanayohitaji mitambo mikubwa na umeme mwingi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1912 iliwasukuma watu wa redio ya ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na chini yake, yaliyodhaniwa hayana faida. Hawakuwa na uwezo wa kwenda kwingine, wakabaki huko wakisuka koili zao wenyewe. Desemba 1921 ishara zao zilisikika Ardrossan, Scotland. Novemba 1923 watu wawili wa Connecticut walizungumza na Mfaransa mmoja wa Nice kwa mawimbi ya mita 110 hivi, kwa mitambo ya nyumbani.

Marconi mwenyewe, mbele ya wahandisi wa New York mwezi Juni 1922, alikubali kwamba yeye na wenzake labda walikosea kuyasahau mawimbi mafupi, ambayo ndiyo aliyoanza nayo ujanani. Akishirikiana na mhandisi Charles Franklin, aliyarudia. Mwaka 1926 mtambo wao wa mawimbi mafupi uliiunganisha Uingereza na Kanada kwa gharama ndogo kuliko ile mitambo mikubwa.

Mwalimu anayeniuliza aanzie wapi humjibu kwamba kupeleka ishara hewani kwahitaji leseni ya serikali, na mtambo huo waweza kungoja. Kipokezi, waya mrefu juu ya mwembe na saa mbili za Jumamosi zisizoporwa na masomo ya ziada haviwezi kungoja, na la mwisho ndilo gumu kupatikana.

Marconi alifariki mjini Roma tarehe 20 Julai 1937. Siku iliyofuata, saa ya mazishi yake, vituo vya redio vya Uingereza vilinyamaza kwa dakika mbili.