Habari za Marehemu Kleist Sykes, Aliyeweka Bunduki Akashika Kalamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, hii ni habari ya maisha ya Marehemu Kleist Sykes, Mwislamu wa Dar es Salaam, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Asili ya habari hii ni vita vya Bushiri. Mwaka 1889 Wadachi walimleta Bwana Wissmann apigane na watu wa Mrima, na katika askari wake walikuwamo Wazulu waliochukuliwa kutoka nchi ya Wareno, upande wa Inhambane. Ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo ikavunjwa mwezi wa Mei, naye akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Pwani yote, pamoja na nchi ya nyuma ya Bagamoyo yenye vijiji kama Kiwangwa, ikawa chini ya Wadachi.

Katika wale Wazulu alikuwamo mtu aitwaye Sykes Mbuwane. Mwanawe alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapewa jina la Kidachi, ndilo Kleist. Baba akafa maji katika mto Ruaha, katika safari za vita vya Uhehe. Yatima akalelewa na Affande Plantan, mkuu wa Wazulu wale, hata watu wakamwita Kleist Plantan. Alitiwa shuleni, akajifunza Kidachi na kazi ya uandishi, kisha akaingia jeshini kama baba yake na kama mlezi wake. Kwa mtoto wa kambini, njia nyingine ilikuwa wapi?

Vita vikuu vilipozuka mwaka 1914 akapigana chini ya Jemadari von Lettow-Vorbeck. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi, na mashamba ya watu yakaliwa na majeshi ya pande zote mbili. Jeshi la Wadachi likaweka silaha mwezi wa Novemba 1918, na askari wake wakabaki hawana bendera wala posho. Mishahara waliyodai ilikaa hata mwaka 1964, ndipo serikali ya Ujerumani ikawakumbuka wazee waliosalia. Wakati huo Kleist alikuwa kaburini miaka 15.

Basi hakungoja. Bunduki ilikwisha kazi, lakini kalamu aliyojifunza kwa Wadachi ilifaa hata kwa Waingereza. Akajifunza lugha yao, akaajiriwa karani katika Reli, akaifanya kazi hiyo miaka mingi. Ukarani ulimpa riziki. Lakini ulimpa na jambo kubwa kuliko riziki, nalo ni ujuzi wa kuandika barua ambayo mtawala hawezi kusema hakuielewa, na kutunza daftari ambalo watu waweza kuliamini.

Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Daktari Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kleist alizungumza naye, akapata shauri la kuwaunganisha Waafrika katika chama. Mwaka 1929 African Association ikaundwa, rais wake Cecil Matola na katibu wake Kleist. Wanachama wakajenga nyumba yao wenyewe katika New Street, ambayo sasa huitwa Lumumba.

Lakini moyo wake ulikuwa na uchungu mwingine. Watoto wa Kiislamu walikuwa nyuma katika elimu, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na wazazi waliogopa watoto wasitolewe katika dini yao. Mwaka 1933 Kleist pamoja na Mzee bin Sudi na wenzao wakaunda Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Wakachanga fedha, wakajenga shule iliyosomesha Kurani pamoja na elimu ya dunia. Aliyekuwa askari wa watu waliozipiga nchi hizi akawa sasa mkusanyaji wa michango ya madarasa ya wana wa nchi.

Wanawe Abdulwahid na Ally nao walichukuliwa askari na Waingereza, wakapelekwa Burma katika vita vya pili. Waliporudi, waliingia katika chama cha baba yao.

Kleist alifariki mwaka 1949. Abdulwahid aliongoza chama hata mwaka 1953, urais ukapita kwa mwalimu Julius Nyerere, na tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya New Street, chama kikageuzwa kuwa TANU.