Tom Mboya: Aliyewatafuta waliobaki nje ya chujio la mtihani

Ukishuka matatu pale Keroka siku ya soko, unaweza kuvuka kutoka Kaunti ya Kisii hadi Nyamira bila kujua. Mpaka umepita katikati ya mji. Ndizi ni zile zile, lugha ni ile ile, jamaa ni wale wale. Kinachozozaniwa ni nani akusanye ushuru.

Mtihani nao huchora mstari kama huo. Wewe umepata C katika KCSE, mwenzako mliyekaa naye dawati moja kapata C+. Yeye ana tiketi ya chuo kikuu, wewe unaulizwa na mama mdogo sasa utafanya nini. Pengine mmeachana kwa alama chache tu. Kama uko upande huo wa mstari mwaka huu, hebu kaa nikusimulie kuhusu Tom Mboya.

Wengi wetu tunamjua kwa sanamu yake jijini Nairobi na jina la barabara. Lakini kabla ya hayo, alikuwa kijana aliyekatiziwa masomo.

Alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo karibu na Thika. Kwao ni Kisiwa cha Rusinga, lakini baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge la mzungu. Tom alisoma St Mary's Yala, kisha Mang'u. Kichwa alikuwa nacho. Alifaulu vizuri kiasi cha kustahili kuendelea hadi cheti cha Cambridge, lakini karo ikakosekana. Alikuwa kifungua mimba, na wadogo zake nao walihitaji shule. Basi mwaka wa 1948 akaenda kusomea ukaguzi wa afya, kazi ambayo mafunzo yake hayakumtoa mzee jasho.

Angalia vizuri hapo. Hakuangushwa na mtihani. Aliangushwa na mfuko wa baba yake. Lakini kwenye karatasi, mwenye kukosa cheti ni mwenye kukosa cheti. Karatasi haisemi sababu.

Tom hakukaa chini. Akiwa mkaguzi wa halmashauri ya Nairobi aliunda chama cha wafanyakazi, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini akiwa na miaka 23. Mwaka wa 1955 akapata nafasi Ruskin College mjini Oxford, chuo kilichopokea wafanyakazi wasio na vyeti vya kawaida. Alikaa mwaka mmoja. Aliporudi, mwaka wa 1957, alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Siku hizo mtihani wa mwisho wa sekondari ulitungwa na kusahihishwa Uingereza. Ukipita, nafasi ni chache: Makerere kule Uganda, na chuo cha kiufundi cha Nairobi ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kimefunguliwa. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na nchi haikuwa na wahandisi, madaktari wala wahadhiri wa kutosha. Mboya aliona wazi kwamba chujio lile lilikuwa jembamba mno. Lililobaki nje halikuwa makapi.

Ndipo mwaka wa 1959 akafunga safari kwenda Marekani, akazunguka vyuo akiomba nafasi za masomo. Mfanyabiashara William Scheinman na wenzake waliunda mfuko wa kulipia ndege. Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuomba michango. Huku nyumbani Mboya, Julius Kiano na Kariuki Njiiri wakawa ndio wachujaji, wakichambua majina ya walioomba. Vijijini watu walichanga chochote walichokuwa nacho, ili kijana wao asifike ugenini mikono mitupu.

Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Wakoloni walibeza, ati vijana hao hawajafikia kiwango na vyuo vyenyewe ni hafifu. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilipositasita kusaidia, Mboya akamwendea Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia hiyo ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963, karibu vijana 800 wa Kenya na nchi jirani walikuwa wamesaidiwa.

Wangari Maathai alikwenda 1960. Barack Obama mkubwa, aliyeondoka Maseno bila cheti, hakupanda ndege ile ya kwanza, lakini alipata msaada wa mfuko huo akiwa Hawaii. Baadaye akaingia Harvard. Kumbe kiwango kilikuwepo.

Mboya mwenyewe hakuishi kuona matunda yote. Julai 5, 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi. Alikuwa na miaka 38 tu.

Sasa turudi kwako. Mtihani wako hautungwi tena Cambridge. Afrika Mashariki iliunda baraza lake la mitihani mwaka wa 1967, na Kenya ikawa na lake mwaka wa 1980. Lakini chujio bado ni chujio, na linahitaji watu wa kulichunguza. Je, swali hili linampima mtoto wa Keroka sawa na wa Nairobi? Mstari wa C+ unatenganisha nini hasa? Hiyo ni fani nzima, inaitwa upimaji wa elimu. Ina hesabu, ina saikolojia, na vijana wengi hawajui hata kwamba ipo. Ukipenda takwimu na umewahi kuonewa na swali, jua una pa kuanzia.

Na wewe mwalimu au mhadhiri unayesoma hapa: usingoje wakuletee vyeti mlangoni. Mboya aliwatafuta, akawatafutia nauli, akahakikisha kuna wa kuwapokea. Mkono wa kwanza huwa ndio mgumu kuupata. Yeye alijua, maana alipouhitaji akiwa Mang'u, haukuwepo.