Mary Neal, mlezi wa washonaji waliogeuka walimu wa ngoma

Anayefaa kufundisha ngoma ya asili shuleni ni nani? Ni mwalimu aliyesomea na kupewa cheti, au ni yule aliyezaliwa ndani ya ngoma yenyewe? Swali hili linamhusu yeyote aliyewahi kuwaona wanafunzi wakicheza sengenya mbele ya majaji. Uingereza waliligombania zaidi ya miaka 100 iliyopita, na aliyekuwa katikati ya ugomvi huo ni Mary Neal.

Alizaliwa Birmingham mwaka 1860, binti wa mfanyabiashara wa vifungo vya nguo. Maisha ya starehe hayakumtosha. Mwaka 1888 alikwenda London kufanya kazi na misheni ya Kimethodisti iliyohudumia mitaa ya maskini, na mwaka 1895 yeye na rafikiye Emmeline Pethick wakajitenga na kuanzisha Klabu ya Espérance. Waliokuja pale ni wasichana washonaji, watu wa kuinamia cherehani mchana kutwa kwa ujira mdogo. Hao wawili waliwafungulia hata karakana yao ya ushonaji, yenye saa chache za kazi na malipo ya haki.

Jioni wasichana waliimba na kucheza. Mwaka 1905 Mary Neal alimwendea Cecil Sharp, mwalimu wa muziki aliyekuwa akikusanya nyimbo za vijijini, akaomba nyimbo za kuwafundisha. Baadaye akauliza kama kulikuwa na ngoma za kwenda nazo. Sharp alimkumbuka William Kimber, mwashi wa kijiji cha Headington karibu na Oxford, ambaye alikutana naye Desemba 1899 akipiga konsatina huku wenzake wakicheza Morris. Morris ilikuwa ngoma ya wanaume wenye njuga miguuni na hanchifu mikononi, na wakati huo ilikuwa ikififia.

Sharp alikuwa ameandika muziki wake tu. Mary Neal alipanda treni, akamtafuta Kimber, akamleta London pamoja na binamuye. Wasichana waliinyaka ngoma ile upesi. Mwaka uliofuata walikuwa wakiicheza kumbini mbele ya watu, na shule na vilabu vikaanza kuomba walimu. Wakatumwa wao wenyewe! Florrie Warren na wenzake, wasichana wa cherehani, walizunguka Uingereza wakifundisha watoto na hata walimu wao. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyofanya Mary Neal, kwa sababu msichana wa kazi hakuwa amezoea kusimama mbele ya mwalimu wa shule na kumwonyesha pa kuweka mguu.

Sharp hakupendezwa na mwendo huo. Kwake hatua zilipaswa kuandikwa barabara, kufundishwa vilevile kila mahali, na walimu kupewa vyeti. Mary Neal alishikilia kwamba ngoma hupokewa kutoka kwa mchezaji na kwamba uchangamfu hutangulia usahihi. Mwaka 1909 Bodi ya Elimu iliziingiza ngoma za asili katika mazoezi ya mwili shuleni, na mwaka huohuo Sharp akapewa chuo cha kufundishia Morris kule Chelsea. Mwaka 1911 alianzisha chama cha ngoma za Kiingereza na kuchukua pia mafunzo ya likizo ya Stratford-upon-Avon, ambako Mary Neal alikuwa ametangulia. Hata Kimber akasimama upande wa Sharp.

Tusimwonee Sharp. Vitabu vyake vilihifadhi ngoma ambazo wazee walikuwa karibu kwenda nazo kaburini. Lakini mlango wa vyeti na ada ulikuwa mwembamba kwa mshonaji. Waliopita wengi walikuwa mabinti wa familia zenye uwezo, na wasichana waliotangulia kufundisha wakabaki nje ya kazi waliyoianzisha.

Mary Neal alikuwa pia na shughuli ya kupigania haki ya wanawake kupiga kura, na hilo liliwatia shaka baadhi ya wakubwa. Vita vya 1914 vilipoanza, kazi ya klabu ilikoma. Florrie Warren alikuwa tayari Marekani, alikokwenda na Mary Neal kuonyesha ngoma hizo, akaolewa hukohuko. Mary Neal alihamia Sussex, akalea watoto wasio wake na kuhudumu kama hakimu.

Sharp alifariki mwaka 1924, na jumba kubwa la ngoma lililofunguliwa London mwaka 1930 likapewa jina lake. Mary Neal alipewa nishani ya CBE mwaka 1937 kwa kazi yake ya kufufua nyimbo na ngoma za asili. Alifariki Juni 1944, akiwa na umri wa miaka 84.