Solon na Waliokaa Kando

Kati ya watunga sheria wa kale ambao majina yao hayajafutika, yumo Solon wa Athens, katika nchi ya Ugiriki. Leo twapenda kumkumbuka hasa kwa sheria yake moja ambayo hata waliomsifu waliiona ngeni: kwamba mji ukigawanyika kwa fitina, raia asiyejiunga na upande wo wote avuliwe haki zake za uraia.

Solon alikuwa mtu wa ukoo bora na mali ya wastani, mfanya biashara wa ng'ambo, tena malenga. Katika ujana wake Athens ilichoshwa na vita vya kugombea kisiwa cha Salamis na watu wa Megara, hata ikatolewa amri kwamba atakayelitaja tena jambo hilo auawe. Yasimuliwa kuwa Solon alijitia wazimu, akatoka hadi sokoni akighani tenzi alizozitunga juu ya kisiwa kile. Amri ikatanguliwa, na Salamis kikarejea. Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kuelezwa thamani ya kisiwa kilichokaa mbele ya bandari.

Donda kubwa, hata hivyo, lilikuwa ndani ya mji. Maskini aliyekopa aliweka rehani mwili wake na wanawe. Akishindwa kulipa, huuzwa utumwani, pengine nchi za mbali. Wanyonge wakataka ardhi yote igawanywe upya, na matajiri wakakataa kuachia hata shubiri moja. Mwaka 594 kabla ya Nabii Isa pande zote mbili zilimkubali Solon awe mwamuzi, kila mmoja ukidhani ni mtu wake.

Akafuta madeni, akakataza kabisa kukopeshana kwa rehani ya mwili, akawarejesha waliouzwa. Lakini ardhi hakuigawa. Basi wote wakamnunia. Baya zaidi, marafiki aliowadokezea nia yake walikuwa wamekimbilia kukopa fedha na kununua mashamba kabla sheria haijatoka. Watu wakanong'ona kuwa naye yumo, mpaka ilipojulikana kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiwadai watu, na fedha zake zilikuwa miongoni mwa zilizopotea. (Siri za ofisi kuvujia masahibu si ugonjwa wa jana.)

Tuirudie ile sheria. Solon pia alimruhusu raia ye yote kumshitaki mdhalimu kwa niaba ya aliyedhulumiwa, na sisi twaziona sheria hizi mbili kuwa ni ndugu. Watu wapole wanapojifungia majumbani na kujiita wasio na upande, uwanja huachiwa wenye hamaki. Bali wakiingia, huyu huku na yule kule, kila upande hupata watu wa kuuzuia usivuke mpaka, na wenye kuweza kusema na jamaa zao wa upande wa pili. Kukaa kando kwa mtu mwenye busara si amani; ni kuwanyima wenzake busara hiyo.

Wengi walimhimiza ajitawalishe peke yake. Alikataa. Aliwaapisha watu kuzishika sheria, kisha akasafiri miaka 10, Misri na Cyprus, ili asisumbuliwe kuzigeuza.

Aliporudi alikuta makundi matatu: watu wa bondeni, wa pwani na wa milimani. Kiongozi wa hao wa mwisho, Peisistratos, alijijeruhi mwenyewe, akadai ameshambuliwa na maadui, akaomba walinzi. Solon, ambaye sasa ni mkongwe, alisimama barazani akapinga. Waliomwamini walinyamaza kwa hofu. Walinzi wakatolewa, na mwaka 561 Peisistratos akaitwaa ngome ya mji. Mzee akatoa silaha zake akaziweka nje ya mlango wake, akikusudia kuonyesha kuwa ametimiza wajibu.

Marafiki walimsihi akimbie, hakukimbia. Naye Peisistratos aliziacha sheria zake nyingi zitumike, akawa akimwita kumtaka shauri, na Solon alikuwa akienda.