Marcus Aurelius, Kaisari wa Kambini

Alizaliwa Roma mwaka 121. Mwaka 161 alishika dola pamoja na Lucius Verus, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamefanywa wana na Kaisari Antoninus. Alipenda vitabu kuliko vita, lakini makabila ya ng'ambo ya mto Danube yalivunja mpaka, akalazimika kuishi kambini miaka mingi.

Mwaka 169 Verus alikufa safarini, wakiwa pamoja. Mwaka huo huo Marcus alimzika mwanawe mdogo.

Huko Carnuntum, katika Austria ya leo, alikuwa akijiandikia kwa Kigiriki maneno ya kujionya: kuamka alfajiri bila kunung'unika, kuifanya kazi iliyo mkononi kana kwamba ndiyo ya mwisho maishani. Aliyewahi kukesha lindoni hahitaji kufafanuliwa. Sehemu moja, aliyoiandika kando ya mto Gran, huwataja watu waliomjenga, mmoja mmoja. Rusticus alimwazima mafundisho ya Epictetus, aliyepata kuwa mtumwa. Na Verus yumo. Wanahistoria wa kale humlaumu kwa anasa. Marcus alishukuru tu kwamba alipata ndugu aliyempenda, na ambaye kwa tabia zake alimfanya ajichunge mwenyewe.

Alifariki tarehe 17 Machi 180, vita vikiwa bado havijaisha.