Alfred Wilm: Aliipa alumini nguvu, kisha akaenda kulima

Fundi aliyezoea kuchomelea chuma akishika alumini kwa mara ya kwanza huona kazi imebadilika. Shida moja kubwa hata haionekani kwa macho: pembeni mwa mchomeleo, pale palipopata joto, alumini nyingi ngumu hulegea.

Ugumu unaopotea hapo una mwenyewe. Ni Mjerumani Alfred Wilm, aliyezaliwa Silesia mwaka 1869.

Wilm alikuwa mtafiti Neubabelsberg, karibu na Berlin. Jeshi lilitaka alumini ngumu ya kutengenezea maganda ya risasi. Basi akawa anaichanganya na shaba na magnesi kidogo, anaipasha moto hadi nyuzi 500 hivi, kisha anaizamisha majini ghafla, kama wahunzi wanavyofanya kwa chuma cha pua. Chuma hicho hukaza papo hapo. Alumini yake ikabaki laini.

Mwaka 1906 kipande kimoja kilipimwa, kikaachwa wikiendi nzima. Kilipopimwa tena kilikuwa kigumu zaidi, na hakuna aliyekigusa. Wilm akarudia jaribio. Kumbe mchanganyiko ule ulikuwa unajikaza wenyewe, polepole, kwa siku kadhaa!

Alipata hataza mwaka 1909, na kiwanda cha mji wa Düren kikauza bidhaa hiyo kwa jina Duralumin. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilitumika kwenye mifupa ya meli za anga za Zeppelin. Ila haikuchomelewa, ilipigwa ribiti. Ukiichomelea hupasuka kirahisi, na joto linaharibu ule ugumu uliosubiriwa siku zote hizo.

Tatizo hilo bado lipo. Zipo aloi za leo zinazochomeleka vizuri, lakini baadhi zinazotumika sana kwenye ujenzi hupoteza karibu nusu ya nguvu kando ya kiungo. Mhandisi makini huukokotoa ukanda huo kama sehemu dhaifu, na akiweza huusogeza mbali na palipo na mzigo mkubwa. Wajenzi wa boti wao hupendelea aloi za magnesi, zisizotegemea ukazaji wa aina hii.

Wilm mwenyewe aliacha utafiti mwaka 1919, akarudi Silesia kulima. Alifariki huko mwaka 1937.

Wanasayansi walikuwa wamebashiri kwa miaka kinachoikaza alumini yake. Mwaka 1938 Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kivyake, wakakiona kwa eksirei: atomi za shaba zilizojikusanya katika vikundi vidogo mno ndani ya alumini. Wilm alikuwa kaburini mwaka mmoja tu.